Dar bila gari: lala karibu na mwendokasi, amka mapema

Nimerudi Mwanza juzi, nilikuwa Dar siku 5 na mdogo wangu, na kwa kuwa kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu aliyeeleza vizuri jinsi ya kuzunguka ule mji bila gari nikakosa, basi acha nieleze mimi. Usafiri wa kawaida wa Dar kwa mgeni naupa nyota 4 kati ya 5. Kivuko cha Kigamboni peke yake nakipa zote 5.

Tuanze na malazi maana hapo ndo watu wengi wanaharibu. Gesti tuliyofikia siku ya kwanza ilikuwa ndani ndani huko, na dada wa mapokezi akatuambia Dar huwezi kutembea bila gari, akampigia mtu wake, bei laki kwa siku na mafuta juu yetu. Laki jamani! Tukashukuru, kesho yake asubuhi tukahamia Magomeni, dakika chache kwa mguu mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Mapipa, na kuanzia hapo kila kitu kikawa rahisi. Kwa hiyo usiulize kwanza chumba kina AC au hakina, uliza kiko karibu na kituo gani cha mwendokasi.

Mwendokasi yenyewe ipo tangu 2016, njia ile ya kwanza inatoka Kimara mpaka Kivukoni, na ina matawi ya kwenda Gerezani Kariakoo na kituo cha Morocco, jumla yote kama kilomita 21 hivi. Uzuri wake ina barabara yake katikati, wenye magari yao wamekaa kwenye foleni nyie mnapita tu, nauli haizidi buku (elfu moja). Soma bango la mbele kabla hujapanda maana kuna mengine hayasimami kila kituo, sisi tulipitilizwa mara moja tukarudi kwa mguu na lile joto. Saa 1 asubuhi na saa 11 jioni usipande kama huna haraka, watu wanaenda na kutoka kazini wanabanana, ila saa 4 unakaa siti unaangalia mji vizuri. Na kama unaenda wakati wa masika ujue bonde la Jangwani likijaa maji barabara inafungwa, kwa hiyo siku ya mvua kubwa usipange kitu cha muda maalumu upande wa pili.

Sasa Kivukoni. Ukishuka kituo cha mwisho una soko la samaki hapo hapo na kivuko hapo hapo, hutaki bodaboda hutaki nini. Sisi tulifika Feri, ndo soko lenyewe la samaki, saa 12 na nusu asubuhi na nawaambia ukichelewa zaidi ya saa 2 umekosa utamu wake. Mimi mtoto wa ziwa, nimekua na sato na sangara, samaki nawajua, lakini pale nilisimama kama mshamba. Dalali anashika jodari mkia anamwinua watu wote wamuone, anaanza kuita bei, mama mmoja mwenye kanga kiunoni haongei kabisa anatikisa kichwa tu, na mimi sijaelewa kitu samaki ameshauzwa ameingia kwenye ndoo. Pembeni kuna mzee wa pweza, anakata vipande vidogo vidogo kwa kisu kilicholika katikati, unachoma kwa kijiti unachovya kwenye pilipili, alafu anakumiminia supu kwenye kikombe na ndimu. Mdogo wangu alikataa kipande cha kwanza, mwishoni tulilipia vijiti 14.

Kutoka hapo panda kivuko cha kwenda Kigamboni, ng'ambo ya maji. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016 lakini kwa mtu wa miguu kivuko ndo njia fupi, unavuka kwa dakika chache tu na nauli nayo haifiki buku. Nendeni juu msikae chini kwenye magari. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuona bahari, na ilitokea meli ya makontena inaingia bandarini kupitia ule mlango mwembamba, imepita karibu yaani unainua shingo kuitazama, akanishika mkono hajasema neno mpaka tumefika ng'ambo. Tulivuka tena siku iliyofuata kwa sababu hiyo tu.

Posta na Samora, katikati ya mji, ni za kutembea kwa mguu, asubuhi au jua likishapoa. Kanisa la Azania Front liko karibu na maji, ukikata mitaa unaikuta sanamu ya Askari ambayo wazee bado wanaiita Bismini, kwa sababu kabla ya hii ya 1927 hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann. Alituhadithia mzee wa kahawa tuliyemwamkia, akatukatia na kashata. Makumbusho ya Taifa nayo siyo mbali, habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, zipo, ila mimi kilichonikaa moyoni ni kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la 1998.

Nyota niliyokata ni kwa sababu ya Coco Beach. Mihogo ni mitamu, chachandu kali, upepo safi, shida ni kutoka pale usiku. Tulipatana na bajaji elfu 4 mpaka Morocco, kufika anasema ilikuwa elfu 4 kila mtu. Tumebishana weee mpaka wapita njia wakaingilia, tukatoa 6 yaishe. Kwa hiyo kabla hujakaa sema "bajaji nzima, wote wawili" na akubali kwa mdomo wake. Kutoka Morocco tulipanda mwendokasi ya moja kwa moja, saa 3 tuko Magomeni tunasubiri chipsi mayai.

Desemba nampeleka mama, naye anasumbuliwa na magoti. Nitamlaza hapo hapo Magomeni, Feri tutaenda saa 12 kabla jua halijawaka, na kwenye kivuko nitamtafutia kwanza pa kukaa. Mwenye uzoefu wa kuvuka na mtu mzima anishauri.