Kabati la bunduki nililouziwa Kariakoo linafunguka kwa ngumi

Naandika nikiwa na hasira na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unamiliki bunduki kihalali na unatafuta kabati la kuifungia nyumbani, na dukani wakakuonyesha lile jeusi lenye vibonyezo vya namba na kitasa cha kuzungusha mlangoni, soma hapa kwanza.

Bunduki ni yangu, shotigani ya shambani, na leseni ina jina langu. Nalima mahindi upande wa Kilosa, na anayelima kule anajua nguruwe pori na nyani wanavyofanya mahindi yakianza kubeba. Nyumbani kuna watoto, na likizo zikifika wanaongezeka wa dada zangu na wa majirani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mmiliki aitunze silaha yake mahali salama, lakini hata sheria isingekuwepo, mimi nisingepata usingizi bunduki ikilala juu ya kabati la nguo kama wengi wanavyoiweka. Ndiyo maana nilitoa laki nane bila kulalamika.

Fundi alikuja kulifunga ukutani. Alitoboa, akaingiza bolti nne kwa ndani, akakaza mpaka jasho likamtoka. Nikafunga mlango kwa namba zangu mwenyewe. Kabati lilikuwa bado tupu, namshukuru Mungu. Fundi akataka kuhakikisha kama limeshika ukuta sawasawa, basi akakamata kitasa kwa mkono wa kushoto na kukivuta, huku wa kulia akilipiga kabati juu kwa ngumi. Mlango ukamfuata mkononi.

Akanigeukia. “Mama, una hakika ulifunga?”

Nikafunga tena. Nikakijaribu kitasa, kimegoma kabisa. Akapiga, ukafunguka. Nikamwambia anipishe, nikapiga mimi. Mara ya kwanza haikukubali, ya pili ikakubali. Nilipogeuka nikamkuta mtoto wangu wa mwisho, yuko darasa la nne, amesimama mlangoni anaangalia. Akaomba na yeye ajaribu. Nilimfukuza, lakini ilishakuwa basi, alikuwa ameona kila kitu.

Fundi aliufungua ule mlango kwa nyuma akanionyesha. Kuna pini ndogo inayozuia kitasa, imeshikiliwa na springi. Ukibonyeza namba sahihi, betri inapeleka umeme kwenye koili, koili inaivuta pini, kitasa kinazunguka. Sasa springi yenyewe ni laini kama ya kalamu. Ukilishtua kabati, pini inaruka bila kuulizwa namba yoyote, na kama mkono umeshakaza kitasa, kazi imekwisha. Namba zako za siri hazina maana. Na huu ugonjwa si wa jana. Mwaka 2012 Mmarekani mmoja bingwa wa kufuli, Marc Tobias, na mwenzake walionyesha watu kule Las Vegas jinsi makabati ya bunduki yanavyofunguka kwa kuinuliwa kidogo na kuachiwa yadunde, na walikuwa na picha za mtoto wa miaka 3 akifanya hivyo. Waliodhani alama ya kidole ndiyo suluhisho nao waliona: Oktoba 2023 ilitangazwa hukohuko Marekani kwamba makabati yapatayo 61,000 yarudishwe, maana yalikuwa yanaweza kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na wakati huo kesi ilikuwa imeshafunguliwa kuhusu kifo cha mtoto wa miaka 12. Kwa hiyo anayeingiza mzigo huu nchini leo asiniambie hakujua.

Nikarudi dukani. Yule kijana aliyekuwa ananiita “mama yangu” wakati nahesabu hela, safari hii hakuinua hata macho kwenye simu. Nikamweleza yote.

“Sasa mama, nani anapiga sefu lake ngumi?”

Nikamwambia mwizi. Nikamwambia mtoto.

“Basi mwambie mzee mwenye bunduki aje mwenyewe, tutamwelekeza matumizi.”

Nilitoa leseni nikaiweka mezani. Akasoma jina, akamtazama mwenzake, wakacheka. Kisha akaweka kidole chini ya risiti yangu palipoandikwa bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Nikamwambia sawa, lile pale la maonyesho lifunge, nilipige mbele ya wateja wako tuone. Akakataa, eti nitaharibu rangi. Rangi! Nimesafiri kutoka Morogoro kuja kumwambia kwamba kitu anachouza kinaweza kumpa mtoto bunduki, yeye anawaza rangi. Kicheko kile kinaniuma kuliko laki nane.

Nitende haki lakini. Bodi la kabati hili ni zuri, tena zuri sana. Bati ni nene, bawaba ziko ndani kwa hiyo hakuna pa kuchomeka mtaimbo, na bunduki inaingia nzima bila kulazimika kuifungua mtutu. Ndani kuna kisanduku cha risasi chenye ufunguo wake peke yake, jambo ninalolipenda, maana risasi hazitakiwi kulala pamoja na bunduki. Fundi wa kuchomelea jirani yangu anasema ataing’oa loki ya umeme na kuweka ya ufunguo, ile nzito ya chuma kitupu, halafu kabati litakuwa bora kuliko mengi ya bei mbaya. Ninamwamini. Jana nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mlinunue, mbadilishe loki, mtafaidi.

Leo siwezi kuandika hivyo. Mtu anunue sefu ili akalipie loki? Loki ndiyo sefu! Bila hiyo nimenunua kabati la vyombo. Na wangapi wameshalifunga ukutani, wameweka bunduki ndani, wakaenda kazini wakiwa na amani kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kulipiga ngumi? Nyota mbili nilizotaka kulipatia kabati hili kwa ajili ya bodi nazifuta.

Kama umeshalinunua, kaitoe bunduki sasa hivi, lifunge tupu, kaza kitasa na upige juu yake kwa nguvu mara kadhaa. Kama hujanunua, chukua la ufunguo usio na umeme, na ulipige hukohuko dukani kabla hujatoa hela. Wakikuzuia, toka.

Fundi nimemwambia asiliguse kwanza, maana nalihitaji kama lilivyo. Malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, na risiti ninayo pamoja na video ya ngumi yangu mwenyewe. Bunduki nimeiombea hifadhi kituo cha polisi, na nguruwe wanakula mahindi yangu usiku kucha. Nataka laki nane zangu zote, na sitaki kubadilishiwa jingine la aina hiyohiyo.