Furu atambuliwe kwa meno au kwa vinasaba?
Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni furu tu, ndoo moja. Mwanabiolojia huwatenganisha kwa spishi. Wapo wanaotazama umbo: meno, taya, rangi ya dume. Haihitaji maabara, na wengi walipewa majina hivyo. Ila macho hudanganya: furu mwenye midomo minene wa Victoria anafanana na mwenzake wa Ziwa Malawi kama pacha, kumbe kila mmoja alipata midomo hiyo kivyake, si kwa undugu.

Vinasaba (DNA) vilionyesha hivyo mwaka 1990: furu wa Victoria ni ndugu wa karibu mno wao kwa wao. Tatizo ni ukaribu huohuo. Ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, hivyo spishi nyingi ni changa na vinasaba vyao vimechanganyikana. Hapo mimi narudi kwenye rangi ya dume.