Tendaguru au Shimo la Mungu: kundi liende wapi?
Kwa matembezi ya siku moja, kundi la wenye nguvu na wa wastani, mimi nachagua Tendaguru, Lindi. Unapita miombo na nyasi ndefu, kilima si kikali, na ardhi yenyewe ina historia: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapa mifupa ya dinosaria, na vibarua wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mifupa ya dinosaria mmoja imesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Inauma! Nendeni kiangazi, na mwenyeji, na maji ya kutosha.

Shimo la Mungu, mteremko mkali ukingoni mwa uwanda wa Makonde, Newala, hufikika kirahisi: hewa ya ubaridi, bonde la Ruvuma chini, Msumbiji ng'ambo. Ila ukishuka, kupanda kurudi kunatesa magoti. Wenye watoto waishie ukingoni.