Bakteria na kuvu za shambani: ninachonunua tena na nilichoacha

Nianze na hukumu, kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini. Unga wa raizobia, bakteria wanaoipatia mimea ya jamii ya kunde nitrojeni, kwa ajili ya soya: nanunua kila msimu bila kujiuliza. Bt, dawa inayotokana na bakteria, kwa viwavi: nanunua, lakini ni dawa ya mtu anayekagua shamba lake. Trikoderma, kuvu ya kulinda miche kitaluni: ndiyo, mapema. Zile chupa za "mchanganyiko wa vijidudu" zinazoahidi kuongeza mavuno ya kila zao kwenye kila udongo: nimeachana nazo.

Mimi si mkulima wa kilimo hai, na yurea sina ugomvi nayo. Nilivutwa na sababu zilezile zinazowavuta wengi: viwavi waliokwisha kuzoea dawa, dawa za zamani zinazoondolewa sokoni moja baada ya nyingine, na mbolea ya nitrojeni ambayo, kwa kuwa hutengenezwa kwa gesi asilia, hupanda kila gesi inapopanda. Bidhaa hizi nazipima kama ninavyopima kitu kingine chochote cha shambani. Naacha mistari michache bila kuweka kitu, halafu nalinganisha.

Hunichekesha watu wakiziita teknolojia mpya. Wajerumani Nobbe na Hiltner walipata hataza ya bakteria wa kupaka kwenye mbegu za jamii ya kunde mwaka 1896, na dawa ya kwanza ya Bt iliuzwa Ufaransa mwaka 1938. Kipya ni kwamba kampuni kubwa za viuatilifu, zilizokuwa zikizidharau, leo zinazipanga rafu moja na kemikali zao.

Mwenye mashaka aanze na soya, maana huko matokeo yanaonekana kwa macho. Asili ya soya ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake, Bradyrhizobium, mara nyingi hawapo kwenye udongo ambao haujawahi kulimwa zao hilo. Wasipokuwepo, mmea unategemea nitrojeni iliyomo ardhini tu, na soya ni mlafi: tani moja ya punje inataka takribani kilo 80 za nitrojeni. Wakiwepo, wanaingia kwenye mzizi, mmea unawajengea kinundu, wao wanaichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia, na mmea unawalipa sukari. Brazil imejenga kilimo chake cha soya juu ya mpango huo. Sehemu kubwa ya soya yake haipewi mbolea ya nitrojeni, na mwaka 2025 Mariangela Hungria, mtafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, aliyetumia miongo kadhaa na bakteria hawa, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kazi ya kupaka ni nyepesi, ila haitaki uvivu. Nalowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, nanyunyiza unga, nachanganya taratibu nisiyabandue maganda, mpaka kila punje imepata koti jeusi. Nazianika kivulini kwa muda mfupi, kisha zinaingia kwenye udongo wenye unyevu siku hiyohiyo na kufukiwa papo hapo. Jua likiipiga mbegu iliyopakwa linaua sehemu kubwa ya ulichonunua. Mbegu iliyokwisha kutiwa dawa ya kuvu siipaki ila lebo iwe imeruhusu, na mbolea ya kupandia naiweka pembeni isigusane na mbegu. Kuhusu nitrojeni, mmea ukipewa yurea ya kutosha hauoni sababu ya kuwalisha bakteria, na vinundu vinapungua. Kununua vyote viwili kwa soya ileile ni kulipia kazi moja mara mbili.

Ile mistari isiyopakwa ipandwe kwanza, kabla hujagusa unga. Mikono na mashine ya kupandia vinabeba bakteria wengi, na ukipanda mwishoni utalinganisha mistari iliyopakwa na mistari iliyopakwa kidogo.

Soya inapoanza kuchanua ndipo ninapokwenda kuangalia. Nachimba kwa sepetu, sing'oi, kwa sababu ukivuta shina vinundu vinabaki ardhini nawe unarudi nyumbani ukisema bidhaa ni bure. Natumbukiza mizizi kwenye ndoo mpaka udongo uachie. Kwenye mistari iliyopakwa nakuta vinundu vimejikusanya juu ya mzizi mkuu, karibu na mahali mbegu ilipolala. Nakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa cha pinki iliyokolea au chekundu, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na protini iliyo jamii moja na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe bado hakijaanza au hakitaanza, kikiwa cha kijani kimemaliza. Mistari isiyopakwa, katika kipande changu kilichokuwa hakijawahi kuona soya, ilikuwa na mizizi mitupu na majani ya kijani cha kufifia, na tofauti hiyo ungeiona ukiwa umesimama barabarani. Pale nilipokwisha kupanda soya misimu iliyotangulia tofauti ni ndogo, kwa sababu bakteria hubaki udongoni. Hata hivyo napaka tena. Mzigo wa pakiti ni mdogo mno kulinganisha na hasara ya kubahatisha.

Bt, yaani Bacillus thuringiensis, ni habari nyingine kabisa. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini ambazo zinayeyuka kwenye utumbo wa kiwavi, wenye alkali kali, zinautoboa, na kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache. Anaacha kula, hafi papo hapo. Hilo linawakatisha tamaa watu wengi. Asubuhi baada ya kupiga, viwavi wangu wa kabichi huwa palepale kwenye majani, na aliyezoea dawa inayowaangusha chini mbele ya macho yake ataapa kwamba amenunua maji. Mimi naangalia kinyesi. Kama zile punje za kijani kibichi hazijaongezeka juu ya jani na matundu hayajapanuka, basi kazi imeshafanyika. Siku ya pili au ya tatu wanalegea, wanakuwa weusi na kuning'inia kwa miguu ya nyuma.

Ili upate matokeo hayo masharti ni mawili, na yote yanatokana na jinsi inavyoua. Lazima iliwe, kwa hiyo lazima jani lilowe hasa kwa chini, na haina faida yoyote kwa vidukari wala nzi weupe, ambao wananyonya utomvu badala ya kutafuna. Pia viwavi wawe wadogo. Kiwavi mkubwa anahitaji dozi kubwa, na wakati unasubiri alegee ameshakula ulichokuwa unakilinda. Mtu anayetembelea shamba lake mara moja kwa muda mrefu asiinunue. Mionzi ya jua nayo inaichakaza kwenye majani ndani ya siku chache, hivyo napiga jioni na narudia mayai mapya yanapoanguliwa.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba nyigu wadogo na wadudu wengine wanaokula viwavi wanabaki hai. Nilipokuwa napiga dawa kali, vidukari walifumuka kila mara baada ya kupiga, maana maadui wao walikuwa wamekwenda na viwavi. Sasa hilo nalishuhudia kwa nadra. Lakini msidanganywe kwamba wadudu hawawezi kuizoea: yule nondo mdogo wa kabichi ndiye mdudu wa kwanza kuripotiwa kuwa sugu kwa Bt shambani, huko Hawaii, kwenye mashamba yaliyopigwa mfululizo. Ripoti ilitoka mwaka 1990. Mimi napokezana aina mbili, kurstaki na aizawai. Jina la aina huandikwa kwenye lebo, na lisipoandikwa siinunui.

Trikoderma ni kuvu inayowinda kuvu nyingine. Nyuzi zake zinajizungusha kwenye nyuzi za zile zinazoangusha miche kitaluni, zinazitoboa na kuzila, huku zikiwahi nafasi na chakula kwenye mizizi. Neno la kushika hapo ni kuwahi. Naichanganya na mboji iliyoiva, nailowesha, naiacha ienee, ndipo natia mbegu. Kinyausi, huo ugonjwa wa kuangusha miche, kimepungua sana, ingawa siwezi kuapa kwamba sifa yote ni ya Trikoderma, kwa kuwa wakati huohuo nilianza pia kumwagilia kwa kiasi na kuacha nafasi zaidi kati ya miche. Ukiimwaga kwenye miche iliyokwisha kulala chini, umemwaga hela.

Vilevile haitibu kila mnyauko. Kuna muuzaji aliyenisisitizia niimwage kwenye nyanya zangu zilizokuwa zinanyauka zikiwa bado za kijani. Nilikata kipande cha shina, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na baada ya muda mfupi uzi mweupe kama wa maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye kidonda. Huo ni mnyauko wa bakteria, si wa kuvu. Niling'oa mimea ile na kipande hicho sikukipanda tena nyanya, viazi, bilinganya wala pilipili. Kabla ya kununua chochote cha mnyauko, fanyeni jaribio la glasi, halina gharama.

Beauveria, kuvu inayoua wadudu, niliipiga kwa nzi weupe. Inataka hewa yenye unyevu, kwangu kulikuwa kukavu, haikufanya kazi, basi.

Sasa zile chupa. Sisemi zote ni uongo. Tatizo langu ni lebo: majina ya vijidudu yasiyo kamili, hakuna idadi ya walio hai kwa kila gramu au mililita, na orodha ya faida ndefu kuliko maelekezo ya matumizi. Nyingine zinataja mikoriza, kuvu inayouongezea mmea uwezo wa kufikia fosforasi, halafu zinapendekezwa kwa kabichi. Jamii ya kabichi haishirikiani na mikoriza. Aliyeandika lebo hiyo ama hajui au anajua na anatumaini mimi sijui. Nilipozijaribu mistari yangu ya kulinganisha ilifanana na mingine, hata mavuno yalipopimwa.

Kitu kimoja kinazihusu zote. Unanunua viumbe hai, na pakiti ya waliokufa inafanana kabisa na pakiti ya walio hai. Naangalia tarehe ya kwisha muda, naangalia pia bidhaa ilikuwa imekaa wapi. Iliyopangwa dirishani penye jua naiacha hata ikipunguzwa bei. Raizobia ndio dhaifu kuliko wote kwa sababu hawatengenezi mbegu za kujihifadhi, na joto likizidi nyuzi 30 kwa muda wanapungua haraka. Jamii ya Bacillus wana uwezo huo, wanastahimili joto na kukaa rafuni, na nashuku ndiyo maana ndio wamejaa sokoni. Bomba la kupulizia naliosha kwanza, hasa kama lilibeba shaba au dawa nyingine ya kuvu na sasa nataka kuweka Trikoderma. Maji ya bomba yenye klorini nayaacha usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi.

Mnaouliza kuhusu maharage, kwangu raizobia haikuonyesha tofauti yoyote niliyoweza kuiona. Sababu inajulikana: tofauti na soya, udongo mwingi tayari una bakteria wa maharage, wavivu lakini wengi, nao wanaiwahi mizizi kabla ya wale wa pakiti. Kilichobadilisha maharage yangu ni mbolea ya fosfati, iwe mbegu imepakwa au haijapakwa. Kwa zao hilo napima udongo kwanza, asidi ikiwa kali naweka chokaa, kisha fosfati, na pakiti inanunuliwa hela ikibaki.