Shamba la shule au bustani ya nyumbani: mtoto ajifunzie wapi kilimo?
Kwa gharama, shamba la shule lina nafuu: majembe machache na chanzo kimoja cha maji vinatosha darasa zima. Mwalimu naye huona kosa papo hapo, kama mbegu ndogo iliyofukiwa chini mno, kupita mara mbili au tatu ya unene wake, ikashindwa kuchomoza. Shida ni likizo. Shule ikifungwa bila mwangalizi, magugu hushinda. Na mavuno mara nyingi huishia jikoni kwa shule.

Bustani ya nyumbani hupata jicho kila siku. Maji yaliyooshea mboga huinywesha, maganda hugeuka mboji, na chakula hufika mezani moja kwa moja. Ila mwalimu hawezi kuzungukia nyumba zote, na mzazi akikataa kutoa ardhi, mradi umekufa. (Tuseme ukweli, alama nyingine anazopewa mtoto shuleni kwa mradi huu huchumwa na mzazi anayemfanyia kazi.)

Shule yenye uzio, maji na mtu wa likizo ianze na shamba lake. Mwenye ua na mtu mzima anayeshinda nyumbani, ampe mtoto tuta. Msio na ardhi, ndoo zilizotobolewa chini zinatosha mboga za majani.