Muhula mmoja karakanani: tathmini ya kozi ya uhandisi katika chuo cha jamii

Hivi karibuni nimemaliza muhula wa wiki 16 wa utangulizi wa uhandisi, pamoja na kozi ya karakana iliyoambatana nao, katika chuo kimoja cha jamii kaskazini mwa Ohio, Marekani. Kwa kuwa ndugu kadhaa wa hapa wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakiniuliza kama ada na jioni zangu zilikwenda mahali panapostahili, nimeona heri niandike mara moja kwa kirefu. Jina la chuo sitalitaja, kwani baadhi ya ninayoyasema ni malalamiko, na naamini vyuo vingi vya aina hii vinafanana kwa mema na kwa mapungufu.

Jina lenyewe lisimpotoshe mtu aliyezoea vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Tanzania. Chuo cha jamii cha Marekani, ambacho historia yake kwa upande wa vyuo vya umma huanzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, hutoa shahada ya miaka miwili, na mwanafunzi anaweza kusomea humo kalkulasi, fizikia na kemia kisha akahamia chuo kikuu kukamilisha miaka iliyobaki. Hakuna ushindani mkali wa kuingia. Mkazi wa kaunti yenye chuo hulipa ada ndogo kuliko anayetoka nje, na ruzuku ya masomo ya serikali kuu, isiyorudishwa kama mkopo, haikuwekwa kwa ajili ya raia peke yao: mwenye ukazi wa kudumu na aliyepokewa kama mkimbizi wanaweza pia kuiomba.

Nianze na karakana, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisijutie muhula huu. Kazi yetu kuu ilikuwa kutengeneza nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba na mpini wa alumini, kazi ambayo kwa kuitazama mtu angedhani ni ya jioni mbili, kumbe ilitumaliza miezi miwili. Kichwa hutobolewa na kukatwa hesi ndani ya tundu. Mpini hukerezwa, hupunguzwa unene kwa hatua, kisha sehemu ya kushikia huchorwa mistari ya kukwaruza ili usiteleze mkononi. Jioni ya kwanza hatukugusa chuma hata kidogo. Tulifundishwa kuvua pete na saa, kukunja mikono ya shati, kutovaa glavu mbele ya mashine ya kukereza inayozunguka, na kutoachia mkono ule ufunguo wa taya zinazoshika kipande kabla haujatolewa kwenye mashine, kwani mashine ikiwashwa ungali umechomekwa hurushwa kama jiwe la kombeo.

Somo ambalo sitalisahau lilinijia nikiwa nakereza mpini. Mchoro ulitaka upande mnene uwe na kipenyo cha inchi moja, na kosa lililoruhusiwa lilikuwa sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nilikereza bila kusubiri, nikaupima kwa maikromita ungali wa moto kiasi cha kuushika kwa kitambaa, nikaona uko chini kidogo tu ya inchi moja, nikajipongeza. Uliporudi kwenye joto la chumba ulikuwa umesinyaa hadi ukatoka nje ya kiwango. Mwalimu hakunikemea, alinipa chaki, akaniambia nitafute ubaoni umepotelea wapi. Alumini hutanuka kwa takriban sehemu 23 kwa kila milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, nasi tulikadiria kwamba mpini wangu ulikuwa umepanda nyuzi 40 hivi. Zidisha hizo kwa milimita 25.4 na unapata milimita 0.023, karibu kabisa na ile sehemu moja ya elfu niliyokuwa nikiililia. Kanuni hiyo ya kutanuka kwa metali niliikariri sekondari na kuifanyia mtihani, lakini sikuwahi kuiona ikiharibu kazi ya mtu.

Kwa hiyo mafunzo ya vitendo ya namna hii nayapa alama ya juu, na sehemu kubwa ya sifa namwekea fundi wa karakana, mtu aliyefanya kazi viwandani miaka mingi kabla ya kufundisha, ambaye hujua kwa kusikia tu mlio wa kisu kwamba umekizidishia kasi. Darasa letu la watu 14 lilimwezesha kusimama kando ya kila mmoja. Kozi ya kuchora kwa kompyuta, kinyume chake, ilikuwa video na maswali ya kuchagua majibu, na mtu mwenye subira angeweza kujifundisha nyumbani bila kulipa chochote.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni dogo: kati ya mashine nne za kukereza, moja iliharibika wiki ya tano na haikutengenezwa hadi tulipofunga, hivyo jioni nyingi tulipanga foleni. La pili ni zito. Chuo hutoa shahada mbili za miaka miwili zenye majina yanayokaribiana sana, moja ikiwa ya kuhamia chuo kikuu kusomea uhandisi, nyingine ya kumwingiza mtu moja kwa moja kazini kama fundi sanifu. Krediti za karakana zinahesabika katika hii ya pili, na vyuo vikuu vingi havizipokei katika programu zao za uhandisi. Mshauri wa wanafunzi aliponiandikisha hakunieleza tofauti hiyo. Niliigundua mwenyewe katikati ya muhula, nilipokuwa nikisoma makubaliano ya uhamisho, yaani hati inayoonyesha ni kozi zipi chuo kikuu kitazipokea. Sisi tuliozoea mgawanyo wa fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi tungeielewa kwa dakika moja kama mtu angejali kuitamka. Mwenye nia ya kujiunga na aombe makubaliano hayo kwa maandishi kabla ya kulipa ada, na ayalinganishe kozi kwa kozi na orodha ya chuo kikuu anakotaka kwenda, kisha aangalie kama programu hiyo imeidhinishwa na ABET, shirika la Marekani la kuidhinisha programu za aina hii, kuwa ya uhandisi au ya teknolojia ya uhandisi, maana ABET huidhinisha zote mbili na majimbo hayazichukulii sawa katika leseni ya uhandisi.

Nyundo yangu iko juu ya meza ninapoandika haya, ikiwa na mpini wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza ulikataliwa. Muhula ujao nimejiandikisha kalkulasi ya pili na fizikia, ambazo zitahamishika, na Alhamisi jioni nimeiacha wazi kwa ajili ya karakana, ingawa krediti zake hazitanisogeza mbele hata hatua moja.