Mzigo wa Rocky kwenye flashi: ujazie zipi, uache zipi

Wale mnaouliza kama ule mzigo wa Rocky, zile filamu za ngumi za Kimarekani wanazojaza kwenye flashi hapa mjini una maana, jibu langu una maana sana, ila angalieni mnajaziwa kopi gani. Mie kibanda nilichokwenda walinipa za kutafsiriwa, zile DJ anaongea juu yake, na kwa muvi za vita sina neno nao madj, raha tupu, lakini hii ya kwanza ya 1976 usikubali kabisa. Kuna pahala Rocky anampeleka Adrian, bibie anayempenda, kuteleza kwenye barafu, ukumbi ushafungwa, anamlipa mlinzi dola kumi wapewe dakika kumi tu, bibie anateleza huku anaona haya, Rocky yupo pembeni na viatu vyake vya kawaida anamkimbilia na kupiga stori, na mlinzi anawapigia kelele dakika zilobaki. Sasa DJ kalipiga domo pale mpaka husikii kitu!! Nikarudi nikataka ya Kiingereza yenye maandishi chini, wakanibadilishia bila ya maneno, hapo nawashukuru.

Ya kwanza ndo roho ya zote. Rocky ni bondia wa mtaani Philadelphia, anaishi kwa kumkusanyia madeni mtu wa riba, na hata akiambiwa amvunje mdaiwa kidole gumba hamvunji. Bingwa Apollo Creed kakosa mpinzani, anamchagua yeye kwa sababu ya jina lake la ulingoni tu. Usiku wa kuamkia pambano anaingia ukumbini peke yake anakuta picha yake kubwa wamekosea rangi ya bukta, anamwambia promota, promota anamwambia haina neno. Jamani ile iliniuma, maana ndo unajua hapo hakuna aliyemuhesabu. Anarudi kwa Adrian anamwambia najua simuwezi, nnachotaka ni kumaliza raundi 15 bado nimesimama. Na anamaliza, anapoteza kwa pointi, majaji wamegawanyika, wala matokeo hayasikilizi, anaita Adrian tu.

Sylvester Stallone, ndo anayecheza Rocky, kaiandika mwenyewe baada ya kumuona bondia Chuck Wepner akisimama na Muhammad Ali mpaka raundi ya 15 mwaka 1975, akakataa kuiuza kama hachezi yeye, ikatengenezwa kwa kama dola milioni moja na ikachukua Oscar ya filamu bora.

Ya pili 1979 nzuri, ya tatu 1982 ina Mr. T, ndo mpinzani wake mule, na kifo cha mzee Mickey, kocha wake, andaa kitambaa. Ya nne 1985, ile ya Mrusi Drago, watoto wataipenda, muziki na theluji mwanzo mwisho, ila yule Rocky wa ya kwanza simuoni mule. Ya tano 1990 usijaze, nafasi ya flashi weka kitu chengine. Halafu ruka mpaka Rocky Balboa ya 2006, mzee sasa, mkewe Adrian kafariki, ana kiti kakificha juu ya mti makaburini ili akienda kumzuru apate pa kukaa. Ongeza na Creed ya 2015, anamfundisha mtoto wa Apollo. Na angalieni hichi kitu, ya 1976, ya 2006 na hii Creed, zote mwisho wake mtu wetu anapoteza kwa pointi, na ndo tatu bora kuliko zote!

Sisi huku Zanzibar ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964 mpaka 2022 ndo zikaruhusiwa, kwa hivo bondia wengi wetu tulimjua kwenye tivii kabla ya kumuona ulingoni. Vijana mnaoanza mazoezi sasa hivi, jazieni hizo tatu kwanza, na mkifika kibandani semeni mapema mnataka yenye maandishi, wasiwape ya DJ.